Unga wa Mlimani, Dawa ya Bondeni

Harufu ya maziwa ya unga hunifikia kabla sijaliona kopo. Katika hoteli ninayofanyia kazi hapa Dubai hufunguliwa alfajiri, kwa ajili ya chai ya wafanyakazi tu, maana wageni wana maziwa ya namna zote, mpaka ya lozi na ya nazi. Mtu akitoboa ile karatasi ya juu kwa kijiko, hewa inayotoka ni tamu na kavu, kama chaki iliyosagwa na sukari, na hukaa kooni mpaka saa nne. Wenzangu wanaipenda. Wanjala, Mkenya anayelinda mlango wa nyuma, hujaza vijiko vitatu katika kikombe kimoja kisha analamba kijiko. Mimi hunywa chai ya rangi. Wakiniuliza nawaambia tumbo langu haliyataki maziwa. Si kweli. Nikiwa na miaka tisa niliyanywa maziwa kama hayo kikombe kizima, nikapitisha kidole ndani na kukilamba, na tumbo langu liliyapokea vizuri sana.

Nimezaliwa ng'ambo ya mto Kagera, katika ile sehemu ya Tanzania inayopakana na Uganda, ambako vita vilipita kwanza kabla ya kupita kwingine. Msimu ninaousimulia ni wa mvua za kwanza baada ya vita hivyo. Tulikuwa tumerudi kutoka kusini mwa mto tulikokimbilia, tukakuta migomba imekatwa, kahawa imeungua, ng'ombe hakuna hata mmoja, na mabati ya nyumba yamebebwa na askari waliopita. Kuta zilibaki, nyeusi kwa ndani, na mvua ilipozipiga zilitoa harufu ya jiko lililomwagiwa maji. Baba yangu alikuwa amechukuliwa mgambo na hatukuwa na habari zake. Mama alikuwa na sisi watoto wanne, mimi nikiwa wa kwanza. Katika kiwanja chetu, nyumba ya pili, aliishi mdogo wake, Felista, ambaye sisi tulimwita Mama Mdogo. Mume wake alizama siku ya kuvuka mto. Alikuwa na watoto wawili: Ana, ambaye tulipishana miezi michache, na Justini, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Mama na Mama Mdogo walifanana sana. Urefu ule ule, mwendo ule ule wa kuinamisha kichwa kidogo kushoto. Mtu akiwaona kwa mbali alihitaji kusubiri wakaribie ndipo ajue amsalimie nani.

Misaada ilitujia kutoka pande mbili. Mlimani, kwenye kigango cha kanisa, yalikuja malori ya Wamarekani. Yalileta unga wa mahindi ya njano, ule ambao watu wa mjini waliuita unga wa yanga, na mafuta ya kupikia katika makopo marefu, na maziwa ya unga. Magunia yalikuwa na picha ya mikono miwili inayoshikana, na magunia hayo yalipokwisha unga yakawa nguo; nilikuwa na sketi yenye mkono mmoja mbele na mwingine nyuma. Bondeni, karibu na daraja lililobomolewa, walikuja Warusi. Walipiga mahema ya kijani, wakaleta mitambo ya kutengeneza daraja, na katika hema moja walikuwa na daktari mwanamke, mnene, mwenye nywele za rangi ya nyasi kavu, aliyeitwa Vera. Chakula cha kugawa hawakuwa nacho. Walikuwa na dawa, na wakati ule hakukuwa na dawa mahali pengine popote ambapo mtu angeweza kufika kwa miguu na kurudi siku hiyo hiyo.

Kwetu watoto, Mmarekani na Mrusi walikuwa watu wa mchezo. Tuliacha kucheza vita tukacheza Wamarekani na Warusi. Waliosimama juu ya kichuguu walikuwa Wamarekani na waliobaki chini walikuwa Warusi, na walichokuwa wakigombania hakuna aliyekijua. Watu wazima hawakujua zaidi yetu, ila wao hawakuwa wakicheza. Mwenyekiti wa kijiji alisema katika mkutano kwamba marafiki wa kweli ni wale wa bondeni, maana wanatusaidia bila kutaka kitu, na wale wa mlimani wanatununua kwa uji. Tulimpigia makofi. Siku ya mgawo alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya uji.

Mgawo wa mlimani ulisimamiwa na katekista, Bwana Kalisti, kwa kuwa padri alikuwa hajarudi tangu vita. Alikuwa mwembamba, msafi, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu usogee ili umsikie. Funguo za stoo alizifunga shingoni pamoja na rozari. Sikumbuki hata mara moja amempigia mtu kelele. Mwanzoni aligawa vizuri, kila nyumba na kadi yake, kila kadi na kipimo chake. Halafu siku moja akaja Mmarekani mwenyewe, kijana mrefu aliyeungua jua puani, pamoja na mwalimu kutoka Bukoba aliyekuwa mkalimani. Alizunguka stoo, akaonja uji, akamsifu Bwana Kalisti. Kisha, akiwa anafunga daftari lake, akauliza kama watu wengi wanateremka kule kwa wale wengine. Bwana Kalisti akasema si wengi. Yule kijana akalifungua tena daftari, akaandika kitu, akalifunga. Hicho ndicho kilichotokea, na niliona kwa macho yangu kwa sababu tulikuwa tumepangwa mstari mbele ya stoo ili tuimbe.

Sijui aliandika nini. Huenda aliandika kwamba kuna mvua. Lakini Jumapili iliyofuata Bwana Kalisti alisimama mbele ya altare, akasema kwa sauti ile ya chini kwamba mtu hawezi kula huku na kutibiwa kule. Kwamba wenye chakula wameuliza, na wakiuliza mara ya pili yeye atakuwa na majina. Nyumba itakayopeleka mtu bondeni itarudisha kadi. Watu waliangalia sakafu, kila mmoja akihesabu ndani ya kichwa chake nani katika nyumba yake ana homa.

Mimi nilikuwa na mguu. Nilikanyaga kipande cha bati katika magofu ya nyumba ya jirani, kikanichana kutoka kifundoni hadi katikati ya muundi, na kidonda kikageuka kijani kikawa kinanuka hata mimi mwenyewe nikageuza uso. Siku chache baada ya tangazo la Bwana Kalisti, Mama alinibeba mgongoni, mtoto wa miaka tisa, akapita njia ya makaburini isiyopitwa na watu, tukateremka bondeni. Daktari Vera alinilaza juu ya meza ya kukunja. Alikata, akaosha, akanichoma sindano, na muda wote alikuwa akinung'unika wimbo puani kama mtu anayemenya viazi. Akanipa bonge la sukari. Alijua maneno machache ya Kiswahili, na moja lilikuwa "jikaze," ambalo alilisema vibaya mpaka Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu baba aondoke. Tulipokuwa tunapanda kurudi alisimama njiani akaniteremsha chini, akanishika kidevu.

"Edisa, mguu wako umepona kwa majani. Nimekutibu mimi mwenyewe kwa majani. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kisha ikaja surua. Iliingia kijijini kama inavyoingia mahali ambapo watoto hawajashiba, na katika wiki mbili za mwanzo ilichukua watoto ambao majina yao nayakumbuka lakini sitayaandika hapa. Justini aliugua. Macho yakaziba kwa tongo, mdomo ukajaa vidonda, akaanza kuhara. Mama Mdogo alikaa naye mlangoni akimpepea kwa jani la mgomba, na Mama yangu akaenda akakaa kando yake. Nilikuwa nyuma yao nikimenya maharage. Mama aliangalia huku na huku, akamwambia kwa lugha yetu ya nyumbani, taratibu, "Mpeleke kwa yule mwanamke. Pitia makaburini. Mimi nimempeleka Edisa na hakuna aliyeniona." Kwa hiyo aliyempa shauri hilo alikuwa Mama. Hili nalisema mapema ili msomaji asije akadhani kwamba Mama alimchukia mdogo wake. Hakumchukia. Alimpenda kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwa hai wakati ule, ukituondoa sisi wanne.

Mama Mdogo alikwenda bondeni mara tatu, Ana akimfuata nyuma kubeba chupa ya maji. Na Justini akaanza kupona. Macho yakafunguka. Kuhara kukakata. Asubuhi moja alikaa mwenyewe kwenye mkeka, mwembamba kama kifaranga, akaninyooshea mkono akidai kijiko changu cha uji. Ana alicheka mpaka akajilaza chini. Daktari alikuwa amemwambia Mama Mdogo kwamba dawa imefanya kazi yake, na sasa mtoto anahitaji kula: maziwa, mafuta, uji mzito, kila saa kidogo kidogo. Vyote vitatu vilikuwa mlimani.

Jumamosi moja mzee aliyekuwa akilinda vifaa vya daraja alimwambia Bwana Kalisti kwamba amemwona mwanamke wa nyumba yetu akitoka bondeni na mtoto. Mwanamke gani kati ya wale wawili, hakuweza kusema. Mrefu, anayeinamisha kichwa. Habari ilimfikia Mama kabla ya jua kuzama, kwa mwanamke mwenzake wa kwaya. Jumapili asubuhi aliniosha kwa maji ya moto, akanipaka mafuta mwili mzima, akanivalisha gauni lake mwenyewe alilolipunguza kiunoni kwa mshipi, refu mpaka kwenye vidole vya miguu. Kovu langu lilikuwa bado jekundu. Alipiga magoti mbele yangu kama anayenifunga mshipi vizuri, na aliongea bila kunitazama.

"Bwana Kalisti atakuuliza. Usimdanganye, ni dhambi. Mwambie ulichokiona kwa Mama Mdogo. Ya mguu wako ni ya nyumba hii."

"Na Justini, Mama?"

"Justini amepona," alisema. "Umemwona mwenyewe. Amepona."

Baada ya sala Bwana Kalisti aliniita stoo. Ndani mlikuwa na giza la ubaridi na harufu ile, unga mkavu na mafuta na gunia. Alinikalisha juu ya kopo la mafuta lililofunikwa, akachuchumaa mbele yangu ili macho yetu yawe sawa. Hakunitisha. Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka kwamba alinitisha, na sikumbuki.

"Edisa, mwanangu. Nani nyumbani kwenu ameteremka bondeni?"

"Mama Mdogo."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Alikwenda na nani?"

"Na Ana. Na Justini mgongoni."

"Na mama yako?"

Nilivuta gauni likafunika vidole vya miguu. "Mama yuko nyumbani siku zote."

Akanipapasa kichwani. Akasema mtoto anayesema kweli ni furaha ya Mungu. Akafungua kopo jipya, akachota maziwa kwa kijiko kikubwa, akayakoroga katika kikombe cha bati na maji ya mtungi, akanipa. Yalikuwa na mabonge. Niliyatafuna mabonge. Nilipotoka nje Ana alikuwa ananingoja chini ya ukuta wa kanisa ili turudi pamoja, akaniuliza mbona nina alama nyeupe juu ya mdomo. Nikajifuta kwa mkono, nikamwambia nimepewa chaki.

Kadi ya Mama Mdogo ilichukuliwa Jumatatu. Alirudi kutoka mlimani na kikapu kitupu, akakiweka mlangoni kwetu, akamwuliza dada yake, "Nani amesema?" Mama alikuwa anapepeta. Hakusimamisha mikono. "Watu wana macho," akajibu. Mama Mdogo akanitazama mimi, halafu akawatazama wadogo zangu mmoja mmoja, halafu akatazama njia. Nadhani alikuwa anafikiria majirani. Hakunifikiria mimi.

Mama aligawana naye chakula. Jambo hili pia ni kweli na ni lazima lisemwe. Siku za kwanza alipeleka bakuli kila jioni, amelifunika kwa kanga. Lakini kipimo chetu kilikuwa cha watu watano, na wadogo zangu walianza kulia usiku, na Bwana Kalisti akatangaza kwamba anayemlisha aliyerudisha kadi naye atarudisha yake. Bakuli likawa nusu. Likawa makapi aliyoyachemsha na chumvi. Baadaye likawa siku moja moja. Mama Mdogo alirudi bondeni, na Daktari Vera akampa makopo mawili ya samaki, ya kwake mwenyewe. Justini hakuweza kuwashikilia tumboni. Mama Mdogo alipokwenda tena alikuta mahema yanafungwa. Daraja lilikuwa limekamilika, na Warusi walikuwa wamepewa amri ya kuhamia kwingine. Daktari alimshika mikono yote miwili, akaongea kwa muda mrefu kwa lugha yake. Mama Mdogo alitusimulia hivyo na akasema ilikuwa kama kuongeleshwa na mtu aliye ng'ambo ya maji.

Justini alikufa Alhamisi, mchana, jua likiwa kali. Hakufa kwa surua. Alikuwa amejikunja kwenye mkeka ule ule, na kwa siku mbili za mwisho hakulia kabisa, jambo ambalo lilitupumzisha, naona aibu kuandika, lilitupumzisha wote. Bwana Kalisti alikuja kuongoza mazishi. Alikuja na gunia zima la unga na kopo la mafuta, kwa ajili ya kuwalisha waombolezaji, kwa kuwa msiba ni msiba. Wanawake wakasonga ugali wa njano katika sufuria kubwa pale pale kiwanjani. Nilikula. Ana alikula. Mama Mdogo aliletewa sahani, akaichukua, akaishika mapajani mpaka watu walipoondoka, akainuka akammwagia mbwa.

Wiki hiyo hiyo yule kijana Mmarekani alirudi na mkalimani wake. Alikuwa na kamera. Bwana Kalisti alinitafuta mimi katika mstari, kwa kuwa nilikuwa nimenenepa kidogo na ngozi yangu ilikuwa inang'aa, akanisogeza mbele, akanipa kikombe nikishike. Yule kijana alipiga magoti kwenye matope, akanipiga picha, akatabasamu. Akaongea. Kisha akageuza kurasa za daftari, akauliza jambo, na mkalimani akalileta kwa Kiswahili.

"Anauliza, kuna nyumba moja ilikuwa kwenye orodha, mjane na watoto wawili. Kwa nini haipo tena?"

"Wamehama," Bwana Kalisti akasema.

Mkalimani akapeleka jibu. Kijana akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika. Akauliza tena.

"Anasema, wakirudi, wapewe kipimo cha watu wanne, kwa sababu ya mtoto mdogo. Na kule bondeni, anasema, ni vizuri kama bado watu wanapata dawa. Wao dawa hawakuleta."

Bwana Kalisti alisema ndiyo, inshallah, akakumbuka kwamba yuko kanisani akasema Mungu akipenda. Nilikuwa nimesimama katikati yao na kikombe mkononi. Nilielewa kila neno. Miaka tisa ni mingi kuliko watu wanavyodhani.

Sheria ile haikuwahi kuwepo. Hakuna Mmarekani aliyeitunga na hakuna Mrusi aliyeijua. Mtu mmoja aliitazama kalamu ikitembea akaogopa, akatafuta wa kumwogopesha naye. Mama yangu akaogopa kwa zamu yake. Nikabaki mimi, na chini yangu hakukuwa na mtu mdogo zaidi isipokuwa Justini.

Mama hakuwahi kuzungumza nami jambo hilo. Baba alirudi, migomba ikaota, maisha yakaenda. Mama Mdogo alifariki nikiwa sekondari, na kwenye mazishi yake Mama alilia mpaka akazimia, watu wakasema hawajawahi kuona dada anayempenda dada hivyo. Baadaye naye akamfuata mdogo wake kaburini. Nilikuja Dubai nikiwa tayari mtu mzima, nikaanza kwa kusugua vyoo, na sasa ni msimamizi wa ukumbi wa chakula cha asubuhi. Mwaka juzi Ana alinipigia simu kuniambia kwamba binti yake wa mwisho, Shukuru, amepata kazi kwenye hoteli yetu, na akaniomba nikae naye. "Nakukabidhi wewe," alisema. "Nani mwingine nitamwamini huko?" Nikamchukua Shukuru chumbani kwangu mtaa wa Satwa, juu ya duka la fundi cherehani, tukawa tunalala vitanda viwili na kupika sufuria moja. Aliniita Mama Mkubwa. Alinisuka nywele.

Ukumbini kwetu siku hizi Warusi ni wengi, wamejaa tangu vita vyao vilipoanza, na Wamarekani nao wapo. Wanapanga foleni moja mbele ya mpishi wa mayai. Mmoja akidondosha uma, mwingine anaokota. Sisi tuliovaa sare ndio tunaogombana kwa niaba yao. Kwenye basi la wafanyakazi Wanjala anashikilia kwamba Mrusi ndiye mwanaume, amechoka kuona Mmarekani akiamrisha dunia nzima. Mlinzi mwenzake Mganda, Ssali, anamjibu kwamba bila Mmarekani mama yake asingepata dawa za kila siku, na juzi misaada ilipokatwa kwao, wazee wameanza tena kulala chini kwa kukosa dawa. Wanatupiana maneno mpaka dereva anapiga kelele, "Khalas, yalla, shukeni." Jioni moja ya siku ya mapumziko, mashine za fundi zikinguruma chini yetu, Shukuru aliniuliza huku akichambua mchele, kwa kunitania tu, "Na wewe Mama Mkubwa, uko upande gani?"

Aliniuliza kwa upole. Nikamwambia. Nilimwambia kuanzia mguu mpaka kikombe, sikuruka kitu, hata yale ya Mama. Mikono yake iliacha kuchambua. Aliuliza mambo machache sana.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Anasema mjomba Justini alikufa kwa surua."

"Surua alipona."

Akautazama mguu wangu, nao ulikuwa wazi, kwa sababu nyumbani huvaa dera fupi. "Na huo ulipona."

"Ulipona."

Akainuka, akaosha mchele, akapika, tukala. Alinipakulia kwanza mimi, kama kawaida. Wiki iliyofuata aliomba ofisini ahamishiwe nyumba za wafanyakazi kule Dubai Investments Park, akasema ni kwa sababu ya basi. Alikunja shuka zake akaziacha kitandani zikiwa zimenyooka. Simu za Ana za Jumapili zimekoma. Sijui kama ameambiwa au kama mwanawe anabeba peke yake, na sijathubutu kupiga mimi.

Nikiupima wakati ule na huu, naona kwamba wale wakubwa wamebaki walivyo, na bado sijui wanachogombania. Kilichobadilika ni kidogo, nacho ni changu. Wakati ule nilisema nusu ya kweli, na watu wazima wawili waliipokea, mmoja akanipapasa kichwa na mwingine akanipikia vizuri jioni ile. Sasa nimeisema yote, nikiwa na miaka zaidi ya hamsini, kwa binti aliyekuwa ananisuka nywele. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Shukuru huingia ukumbini akisukuma kitoroli cha vikombe, nadhifu, amebana nywele nyuma kama tunavyowaagiza. Hapiti njia ya kunikwepa. Anasimama mbele yangu, anainamisha kichwa kidogo kushoto, na anasema, "Habari za asubuhi, madam."